Hapa Hatumaliziani Maneno: Mama Ngoja Aaga Chumba Namba Tisa

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, mtaalamu wetu wa tiba ya usemi, ambaye kuanzia mlinzi wa getini hadi mganga mkuu wote humwita Mama Ngoja, alistaafu rasmi Ijumaa ya tarehe 30 Juni. Aliondoka na mkoba wake uleule wa ngozi, miwani yake ileile yenye kamba, na madaftari kumi na tisa ambayo Ofisi ya Utumishi ilisema ni mali ya hospitali. Mpaka tunakwenda mitamboni, ofisi hiyo ilikuwa haijathubutu kumfuata nyumbani.

Mwandishi wa wasifu huu ni karani wa mapokezi. Meza yake imetenganishwa na Chumba Namba Tisa kwa ukuta wa mbao nyembamba, na imekuwa hivyo kwa miaka ishirini na miwili. Kwa hiyo karibu yote yaliyomo humu ameyaona mwenyewe au ameyasikia mwenyewe, ya kabla yake amesimuliwa na waliokuwepo, na machache, ni lazima akiri, ameyasababisha mwenyewe.

Kwa faida ya wenzetu wa stoo na karakana ambao hawajapata kupanda ghorofani kwetu: Mama Ngoja alikuwa akiwahudumia watu wenye afasia, yaani watu ambao kiharusi au ajali ya kichwa imewavurugia usemi. Akili iko palepale na kumbukumbu iko palepale. Mtu anajua fika anachotaka kusema, ila sauti zikifika mdomoni zinasukumana na kubadilishana nafasi. Ndugu wa wagonjwa alikuwa akiwaeleza kwa mfano wa shati lililofungwa kwa haraka: vifungo vyote vipo, shati ni la mwenyewe, lakini upande mmoja umepanda juu na mwingine unaning'inia. Mtu huyo hahitaji shati jipya, anahitaji muda wa kufungua na kufunga upya.

Muda wenyewe ndio uliokuwa adimu. Wagonjwa huja na wake zao, waume zao, shemeji zao, na shemeji ni watu wa haraka sana. Mgonjwa akitamka "ki" tu, shemeji ameshamaliza: kiti, kisu, kitanda, kikohozi, chagua mwenyewe. Hapo ndipo Mama Ngoja alipokuwa akiinua kidole kimoja bila hata kugeuza kichwa na kusema "ngoja". Aliisema mara nyingi kiasi kwamba jina lake la cheti likabaki kwenye faili la utumishi peke yake.

Alipoanza kazi, kumalizia wagonjwa maneno kulihesabiwa kuwa huruma. Mambo yalibadilika katika mwaka wake wa nne, siku dereva mmoja wa malori aliyekuwa amelazwa alipomwambia muuguzi kwamba anataka "ma... ma...". Muuguzi, mwenye moyo mwema kabisa, akamletea maji. Mgonjwa akayanywa kwa adabu, akasema tena "ma... ma...", akaletewa glasi ya pili. Akanywa. Ya tatu aliinywa machozi yakimlengalenga. Mama Ngoja alipoingia wodini akainua kidole, akangoja, na baada ya kama dakika moja lile neno likatoka lote: maliwato. Inasemekana yule dereva hajawahi kukimbia vile kabla wala baada ya kiharusi.

Kesho yake kikabandikwa mlangoni pa Chumba Namba Tisa kibao ambacho kimesomwa na kila aliyepita korido ile: HAPA HATUMALIZIANI MANENO. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna adhabu: atakayemmalizia mtu neno ataosha vikombe vya chai vya idara nzima kwa wiki moja. Sheria haikuchagua cheo. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu aliosha. Mganga mkuu aliyepita aliosha, akavunja viwili, akaongezewa siku. Lakini rekodi, ambayo haijavunjwa na pengine haitavunjwa, inashikiliwa na mwandishi wa wasifu huu.

Ni ugonjwa, jamani, na hauna wodi. Mke wake humwambia kwamba hata akipiga chafya yeye humalizia. Ukuta ule mwembamba ulikuwa mtihani kila asubuhi: upande wa pili mtu anahangaika, "kaba... baka... bakati...", na karani wa mapokezi ameshika kalamu, jasho linamtoka, mpaka anajikuta amepiga kelele "KABATI" mbele ya foleni nzima. Baada ya miaka michache alikuwa akiosha vikombe kwa mfululizo hivi kwamba mgeni mmoja kutoka makao makuu alimsifu kwa kazi nzuri ya jikoni na kumuuliza kama kuna sukari.

Sasa tuyafikie yale madaftari. Juu ya kila moja aliandika kwa mkono wake: Daftari la Nusura. Alikataa katakata kuyaita makosa. Alisema mtu aliyetaka sauti sita akazitoa zote sita, ila mbili zikakaa kwenye viti visivyo vyao, hajakosea; amenusurika. Kwa hiyo kila neno lililotoka upande aliliandika na tarehe yake, na pembeni akaonyesha ni sauti ipi iliyokwenda wapi. Waliowahi kuyafungua wanajua kwamba ni vitabu vya kitaalamu na pia kwamba havifai kusomwa mtu akiwa na chai mdomoni.

Maarufu kuliko zote ni nusura namba 212. Mzee mmoja, mpeleka barua mstaafu, kila asubuhi alimwambia mkewe kwamba anataka kupiga mkwasi. Bahati mbaya nyumba ya jirani ilikuwa ya tajiri mwenye mabasi, na walikuwa wameshagombana naye kuhusu uzio. Mkewe akaificha bakora, akafunga geti kwa kufuli mbili, na siku ya kliniki akaja kuomba mumewe apewe dawa ya hasira. Mama Ngoja akachomoa kadi za picha, akazipanga mezani moja moja. Mzee akaweka kidole kwenye mswaki, akaitikia kwa kichwa kwa nguvu zote, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu akatabasamu, na meno yake yakathibitisha kwamba maskini alikuwa amesubiri kweli.

Sauti mbili tu zilikuwa zimepishana njiani, ile ya s na ile ya k. Na sauti hizohizo mbili ndizo zilizotuletea kashfa ya kantini. Msemaji mwingine (Mama Ngoja hakuandika "mgonjwa" kwenye faili zake, aliandika "msemaji") alikuwa akipenda samaki, na kila alipomtaja alitoka kamasi. Idara yetu ikalichukua neno hilo kwa mapenzi, ikawa mchana tunakwenda kantini kuagiza kamasi. Mpishi alikuwa mgeni, mtu mpole asiyetaka kuonekana mshamba. Akadhani ndivyo hospitali inavyomwita. Kwa siku tatu ubao wa kantini ukasomeka kwa chaki nzuri ya rangi ya bluu: LEO KAMASI WA KUKAANGA, WA MOTO. Siku ya tatu wakaja wakaguzi wa usafi.

Mama Ngoja alibeba lawama zote. Aliandika maelezo ya kurasa mbili yenye michoro ya ulimi, akifafanua jinsi sauti za neno moja zinavyoweza kubadilishana nafasi. Wakaguzi walijibu kwa barua kwamba wamejifunza mengi, na kwamba ubao ufutwe hata hivyo.

Asidhani mtu kwamba miaka thelathini na mmoja ilikuwa ya kucheka tu. Alipofika alikabidhiwa kipimo cha usemi kilichotafsiriwa kutoka mbali, chenye picha hamsini za kutajwa. Kumi na mbili kati ya hizo hakuna aliyezijua, akiwemo daktari aliyezileta. Picha namba thelathini ilikuwa ya mnyama ambaye hadi leo hatujakubaliana kama ni nguchiro au paka mgonjwa. Watu wazima wenye akili zao walikuwa wakiandikiwa kwamba wamepoteza maneno, kumbe hawakuwahi kuwa nayo. Mama Ngoja aliketi na Madaftari ya Nusura, akachagua maneno ambayo watu huyatumia jikoni, kazini na barabarani, mafupi na marefu, mepesi na yenye kona, akamwomba fundi wa kuchora mabango amchoree kadi. Ilimchukua miaka sita. Kadi zile ndizo zinazotumika leo katika hospitali zote za jirani, na paka ndani yake ni paka mzima.

Mumewe, ambaye ni fundi wa saa, amethibitisha kwamba hata nyumbani sheria ni hiyohiyo. Watoto wao walijifunza kuomba vitu kwa sentensi kamili kwa sababu mama yao alikuwa akiwatazama tu mpaka wafike nukta. Yeye mwenyewe anasema siku alipokwenda kumwomba wafunge ndoa alikwama katikati, na binti yule alijua wazi anachotaka kusema, lakini aliinua kidole na kumngoja kwa dakika kumi na moja. Alizipima, saa zilikuwa kazi yake. Anasema mwishoni alisema maneno mazuri kuliko yale aliyokuwa ameyapanga.

Mwezi Mei, Mama Ngoja alianza kufunga mafaili. Alitaka kuondoka bila faili hata moja lililo wazi, na kabatini likabaki moja tu, nalo ndilo lililomnyima usingizi.

Lilikuwa la mshereheshaji. Wengi wenu mnamfahamu bila kujua kwamba mnamfahamu: ndiye aliyeongoza harusi za nusu ya wafanyakazi wa hospitali hii, yule bwana wa suti ya zambarau. Kiharusi kilimpata miaka mitatu iliyopita. Mkono ulirudi, mguu ulirudi, na usemi ukarudi kwa sehemu kubwa. Aliweza kuagiza chakula, kubishana kuhusu mpira na kumdanganya mkewe kwamba ametembea. Lakini siku ya kwanza alipokuja Chumba Namba Tisa alieleza kwa shida kwamba hakufuata hayo. Alifuata maneno matatu tu, yale aliyofungulia kila shughuli kwa miaka ishirini: mabibi na mabwana. Na hayo matatu ndiyo yaliyogoma.

Mwenye kutaka kujua kwa nini, ayatamke haraka mara tano. Zile sauti zimefanana mno, na ile ya "bwana" haikuwa na subira, ilirukia mbele ikamwingilia bibi. Daftari la kumi na tisa lina kurasa nane za mshereheshaji peke yake. Kuna "mabibwi na mabana". Kuna "mabwini na mababi". Siku moja ya Februari alifika karibu kabisa akasema "mabibi na mabwawa", na idara nzima ikapiga makofi hata kama mabwawa hayakuwepo. Lakini iliyojirudia kuliko zote ilikuwa "mabwibwi na mabwana", na hiyo ndiyo aliyoitoa mwaka jana alipojaribu kipaza sauti kwenye sherehe ya mpwa wake. Akina mama waliokuwa mstari wa mbele wakasikia wanaitwa mabuibui. Wakacheka, wala si kwa ubaya. Yeye akaweka kipaza sauti chini, akaenda nyumbani, na kwa miezi minane hakuhudhuria shughuli yoyote ya mtu yeyote. Mkewe alituambia kwamba ile suti ya zambarau aliikuta imekunjwa chini ya godoro.

Basi Kamati ya Maandalizi ya Kumuaga ilipomwuliza Mama Ngoja kama ana ombi, alisema analo moja: mshereheshaji awe yule bwana wa suti ya zambarau. Kamati ikakohoa. Ilipendekeza Ofisa Utumishi, ambaye ana sauti nzuri na hajawahi kumwita mtu buibui. Mama Ngoja akajibu kwa maandishi kwamba ama awe bwana huyo, ama sherehe isiwepo na yeye atatokea mlango wa kufulia na mkoba wake kama siku nyingine. Mwenyekiti wa kamati, msimamizi wa chumba cha kufulia, akasalimu amri.

Mshereheshaji naye alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, kwa sababu aliyeagwa alikuwa Mama Ngoja, lakini akamwambia mkewe kwamba akishindwa safari hii hatashika tena kipaza sauti maisha yake yote, na faili lifungwe hivyohivyo. Mkewe akamfikishia Mama Ngoja. Tangu hapo Mama Ngoja akaanza kupanga kadi zilizokwisha kupangwa. Aliogopa. Hakusema, ila kwa miaka ishirini na miwili mwandishi huyu amejifunza kusikia ukuta ule, na wiki ile ulikuwa kimya mno.

Sherehe ilifanyika saa nane mchana katika ukumbi wa mikutano, chini ya lile pangaboi linalolia. Watu walikuwa sitini na wanne. Msimamizi wa chumba cha kufulia alimketisha karani wa mapokezi pembeni yake makusudi, akamkabidhi leso aiume, na akaweka kiganja tayari kumziba mdomo iwapo leso itashindwa. Mama Ngoja alikaa mbele, kwenye kiti cha heshima kilichofungwa utepe, mumewe kulia kwake.

Mshereheshaji akasimama. Suti ilikuwa imepigwa pasi, lakini mkunjo wa godoro ulionekana bado mgongoni. Akashika kipaza sauti, akasema "Mabwi", akasita. Hakuna aliyecheka. Akasema "mabi", akasema "mabibwi", akafumba macho, akaanza upya taratibu kama mtu anayefungua vifungo. "Mabibi," akasema. "Mabibi na."

Hapo akakwama. Pangaboi likalia, likazunguka, likalia. Fundi wa saa anasema zilikuwa sekunde arobaini na tatu. Leso ya karani ilikuwa imeshaloa, lakini meno yalishikilia, na jambo hilo liandikwe mahali. Watu sitini na wanne walikuwa na neno moja mdomoni na kila mmoja alikuwa akilimeza. Ndipo kwenye kile kimya ikasikika sauti moja, ndogo, yenye kutetemeka, ikisema: "Mabwana."

Alikuwa Mama Ngoja. Alikuwa amesimama nusu, utepe umemng'ang'ania begani, mkono umefunika mdomo, lakini umechelewa. Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne, dakika arobaini kabla ya kustaafu, alikuwa amemmalizia mtu neno.

Mshereheshaji akageuka akamtazama. Akainua kidole kimoja.

"Mama Ngoja," akasema, "usinimalizie."

Lilitoka lote. Silabi saba, kila sauti kwenye kiti chake, bila kigugumizi wala mkwaruzo. Na alipoona jinsi sote tulivyokodoa macho, naye akalisikia alilolisema. Akarudi kwenye kipaza sauti, akavuta pumzi hadi vifungo vya zambarau vikalalamika, na kwa sauti ileile iliyotuozesha sisi sote akasema: "Mabibi na mabwana."

Mama Ngoja akakaa chini akalia, akacheka, akalia tena, na mumewe akampa leso. Mwandishi huyu alitaka kumpa ya kwake lakini haikuwa katika hali ya kupewa mtu. Kisha Mama Ngoja akafungua mkoba, akatoa faili lililobaki, akaandika mstari mmoja, akalifunga juu ya goti lake. Mstari wenyewe tumeuona: "Msemaji amenikanya. Imetosha."

Lakini sheria ni sheria, na yeye mwenyewe ndiye aliyeibandika mlangoni. Chai ilipokwisha, mstaafu wetu alivua saa, akakunja mikono ya gauni jipya, akaingia jikoni na kuosha vikombe sitini na vinne. Mshereheshaji alisimama kando ya sinki na kipaza sauti kisicho na waya, akiutangazia ukumbi kila kikombe kinachotoka, na kila mara akianza na mabibi na mabwana. Cha arobaini kilikuwa kikombe, cha arobaini na moja kikawa "kibomke", na hakuna aliyejali, yeye akiwa wa kwanza kutojali. Siku sita zilizobaki za adhabu yake amejitolea kuzitumikia mwandishi huyu, kwa kuwa njia ya kwenda sinki anaijua.

Mama Ngoja, idara inakushukuru kwa kadi, kwa kidole, na kwa kila mtu aliyetoka Chumba Namba Tisa na neno lake mwenyewe mdomoni. Karani wako wa mapokezi anakushukuru zaidi, maana Ijumaa ile amejua kwamba anaweza kungoja. Pumzika sasa. Upige mkwasi asubuhi na jioni, ule kamasi wa moto, na ukipita mjini usitupite. Sote hapa, kwa pamoja, tunakutakia maisha me...

Msomaji uliyemalizia: sinki liko mwisho wa korido, mkono wa kulia.